Diwani Wangu Simjui, Naye Hanijui

Watu nyumbani hawaamini nikiwaambia kwamba napiga kura Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania. Si uraia pacha, si ujanja ujanja. Sheria ya huku inasema raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, mwenye miaka 18 na kibali halali cha kuishi hapa, anaandikishwa kwenye daftari na kupiga kura sawa na Mwingereza, kuanzia diwani hadi mbunge. Hakuna kusubiri miaka kadhaa. Mkenya anayo haki hiyo, Mganda anayo, Mnyarwanda anayo tangu nchi yake ilipojiunga mwaka 2009. Mwanafunzi aliyetua juzi, begi lake bado linanuka dagaa, naye anayo. Jirani yake Mkongo aliyelipa kodi zote kwa miaka mingi hana mpaka achukue uraia. Mkongo huyo huyo akihamia Glasgow atachagua madiwani, maana Scotland tangu 2020 inampa kura hiyo kila mkazi halali. Ukiuliza kwa nini iwe hivi kule na vile huku, utapewa historia ndefu ya himaya na ya bunge la Edinburgh, na chai itapoa.

Sasa haki yenyewe tunaifanyia nini? Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Northampton, mji ninaoishi hapa England, siku moja kabla ya uchaguzi wa Mei 2025 dada mmoja aliuliza, "Jamani, kesho kuna nini, mbona shule ya mwanangu imefungwa?" Kaka mmoja akamjibu, "Uchaguzi wa mapipa ya taka, dada." Vicheko, vikatuni, kisha mazungumzo yakarudi kwenye bei ya kutuma mzigo Dar. Wengi wetu humo tumo kwenye daftari la wapiga kura kwa sababu isiyohusiana kabisa na kura: jina lako lisipokuwepo pale, kampuni za mikopo zinakushuku, na gari la mkopo unalisikia kwa wenzako. Tunajiandikisha kwa ajili ya gari. Diwani hatumfikirii.

Wenyeji hawatupiti sana. Kwenye chaguzi za halmashauri England, theluthi moja ya waliojiandikisha wakifika kituoni hakuna anayeshangaa. Mwaka 2012, England na Wales zilipochagua kwa mara ya kwanza makamishna wa polisi, walijitokeza kama asilimia 15 tu, na kule Newport, Wales, kulikuwa na kituo kilichofunguliwa saa moja asubuhi, kikafungwa saa nne usiku, na sanduku likabaki tupu. Hata mtu mmoja hakuja. Nawafikiria makarani wale, saa kumi na tano wakitazamana na chupa ya chai.

Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba watu ni wavivu au hawajui. Siyaamini. Uvivu gani wa watu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda maghalani na kwenye nyumba za kutunzia wazee? Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, nazunguka nyumba za watu kutwa, na wazee wa huku siasa wanazijua kuliko mimi. Ninachokiona ni kingine: vyama vikubwa vyenyewe ndivyo vilivyowafundisha watu kwamba halmashauri si kitu. Miaka nenda miaka rudi vimeufanya uchaguzi wa madiwani uwe kipimo cha homa ya waziri mkuu. Matokeo yakitoka, televisheni haisemi kata ipi itapata nini. Inasema waziri mkuu amepigwa kofi, au amepumua.

Tazama vipeperushi vyao. Vinaanza kuingia kwenye tundu la barua mwezi Machi, pamoja na menyu za piza. Kila kimoja kina picha ya mgombea amechuchumaa kando ya shimo la barabarani, kidole kimenyooka, uso umekunjwa kama wa mtu aliyekuta maiti. Kuna chama kinachopenda michoro ya nguzo, nguzo yao ndefu, ya mpinzani fupi, na chini yake wameandika kwamba sisi peke yetu ndio tunaoweza kuwashinda hawa hapa. Ukigeuza upande wa pili unakuta mambo ya London: kodi ya mapato, hospitali, mpaka, mashua zinazovuka bahari kutoka Ufaransa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo mikononi mwa diwani wa Northampton. Shimo la upande wa kwanza ndilo kazi yake, na upande wa pili unamfutia.

Mji huu ni mahali pazuri pa kuona jambo hilo lilivyokwenda, kwa sababu hapa halmashauri ilifilisika kabla kufilisika hakujawa mtindo.

Oktoba 2017 halmashauri ya kaunti ya Northamptonshire, iliyokuwa chini ya chama cha Conservative, ilifungua makao makuu mapya katikati ya mji, One Angel Square, jengo la vioo la pauni milioni 53. Februari 2018, rangi haijachakaa, mkuu wa fedha akatoa ilani ya kifungu cha 114. Maana yake ni kwamba fedha haitoshi kumaliza mwaka kwa mujibu wa sheria, na kuanzia hapo matumizi yote mapya yanasimama isipokuwa yale ambayo sheria inalazimisha. Ilikuwa ya kwanza nchini kwa karibu miaka 20. Julai mwaka huo huo wakatoa ya pili. Jengo jipya wakaliuza, wakabaki humo kama wapangaji.

Walikuwa wamepanga kuachana na maktaba 21 kati ya 36. Watu wakaenda mahakamani, na Agosti 2018 Mahakama Kuu ikasema uamuzi ule haukufuata sheria. Mtu ambaye hajaishi huku anaweza kushangaa kesi nzima kwa ajili ya maktaba. Ila maktaba ya mtaa huku ndipo mama mwenye mtoto mchanga anapopata joto la bure wakati wa baridi, ndipo mgeni anapochapisha fomu zake za viza, ndipo mzee mpweke anaposoma gazeti na kusalimiwa kwa jina.

Na hiyo ilikuwa kaunti tu. Halmashauri ya mji, ambayo ilikuwa chombo kingine, ilikwisha kukopesha klabu ya mpira ya mji pauni milioni 10.25 ili uwanja wa Sixfields upanuliwe. Sehemu kubwa ya fedha haikuonekana uwanjani, polisi wakaanza uchunguzi, na jukwaa la mashariki likabaki mifupa mitupu kwa miaka.

Swali la mwananchi wa kawaida: nani aliadhibiwa kwenye sanduku la kura? Hapo ndipo penye utamu. Mkaguzi aliyetumwa na serikali, Max Caller, alipendekeza mwaka 2018 kwamba kaunti ile isiokolewe, ivunjwe. Ikavunjwa kweli, pamoja na halmashauri zote ndogo zilizokuwa chini yake, na tarehe 1 Aprili 2021 zikazaliwa mbili mpya, Magharibi na Kaskazini. Kwa sababu ya ujenzi huo mpya, na baadaye kwa sababu ya korona, uchaguzi ulisogezwa. Mji wa Northampton uliochagua madiwani wake 2015 haukuwachagua tena mpaka 2021. Siku ya kuhukumu ilipofika, mshtakiwa alikuwa ameshafutwa kwenye vitabu.

Mei 2021 hiyo, nchi ilikuwa katikati ya chanjo ya korona, na Boris Johnson, waziri mkuu wa Conservative, yuko juu. Halmashauri mpya ya Northamptonshire Magharibi ilikuwa na viti 93. Conservative wakachukua 66. Chama kile kile. Sisemi waliopiga kura walikuwa wajinga. Waliulizwa wanaionaje chanjo, wakajibu wanaiona nzuri.

Ukumbuke pia kwamba ufilisi ule haukutoka kwenye majengo ya vioo peke yake. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilionyesha mwaka 2018 kwamba fedha za serikali kuu kwa halmashauri za England zilipungua kwa karibu nusu, asilimia 49, kati ya mwaka wa fedha 2010/11 na 2017/18, ukiondoa mfumuko wa bei. Wakati huohuo sheria inazilazimisha halmashauri kuwatunza wazee, walemavu na watoto wasio na pa kukaa salama, na wazee hawapungui. Kazi hiyo inakula zaidi ya nusu ya bajeti. Mimi mwenyewe nimo ndani ya hesabu hiyo: zile dakika ninazopewa kumwogesha bibi na kumpikia uji zimelipwa na halmashauri. Kinachobaki kwa maktaba, taa na barabara ni makombo, na kodi ambayo halmashauri inatoza nyumba ili kuziba pengo haipandi ovyo. Halmashauri kama yetu ikitaka kupita asilimia 4.99 kwa mwaka, lazima iitishe kura ya maoni. Iliwahi kuitishwa mara moja tu, na polisi wa Bedfordshire, majirani zetu, mwaka 2015. Wananchi wakakataa, kama watu saba kwa watatu.

Kwa hiyo diwani unayemchagua ni mtu anayegawa makombo kwa kanuni zilizoandikwa London. Bili ya kodi hiyo anayokuletea lakini ni nzito na ina jina lake. Inaingia Machi, karatasi mbili zimekunjwa, na mpangilio wake una vituko: unalipa kwa awamu kumi, Aprili hadi Januari, halafu Februari na Machi unaachwa upumue. Ukianza kuzoea kupumua, bahasha mpya iko mlangoni, nambari imepanda. Hakuna kodi inayochukiwa huku kama hiyo, maana nyingine zinakatwa kwenye mshahara kabla hujaziona.

Nyumbani diwani anaweza kuwa wa mbali, lakini mwenyekiti wa serikali ya mtaa kila mtu anamjua, hata asiyempenda. Bila barua yake na muhuri wake hufungui akaunti benki, humdhamini ndugu yako polisi, hata kitambulisho cha taifa unahangaika. Unajua kwake, unajua ana mbwa. Huku mtu anaweza kuishi miaka na miaka, akazaa, akazika, asimhitaji diwani hata mara moja. Mambo yake yote yanapitia kwenye tovuti na namba za simu zenye muziki. Asiyemhitaji mtu atamkumbukaje Alhamisi ya kwanza ya Mei?

Sisemi kwetu mambo ni mazuri zaidi. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani Tanzania vilisusia uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa kwa makosa ya fomu, na CCM ikabeba zaidi ya asilimia 99 ya mitaa na vijiji. Ndiyo maana mwanzoni nilikuwa nawakasirikia Waingereza. Nilikuwa nawaona kama watu waliopewa maji ya bomba wakayaacha yamwagike. Siku hizi nawaelewa zaidi, na hasira yangu nimeihamishia kwa vyama.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha viatu. Northampton ni mji wa viatu, mpaka timu ya mpira inaitwa Washona Viatu. Baba yake alikuwa Labour, yeye akawa Labour, kama vile sisi wengine tulivyozaliwa tukakuta kadi ya chama ukutani. Akaacha kupiga kura, si kwa kelele, aliacha tu. Nilimuuliza kwa nini tukiwa tunavuta mapipa barabarani usiku wa Jumapili. Akaniambia, "Walikuwa wakija hapa mlangoni wanakaa, wanakunywa chai. Sasa anakuja kijana ana simu mkononi, ananiuliza kama chama kinaweza kutegemea kura yangu, anabonyeza kitu, anaondoka. Hakuniuliza hata kama niko mzima."

Labour walirudi madarakani Julai 2024 kwa ushindi unaoitwa mkubwa. Ukiukaribia unapungua. Walipata viti 411 kati ya 650 kwa theluthi moja ya kura, asilimia 33.7, na waliopiga kura wenyewe hawakufika asilimia 60 ya waliojiandikisha. Mfumo wa huku ni wa anayeongoza jimboni kuchukua kiti peke yake, hata asipofika nusu ya kura. Serikali yenye viti vingi hivyo na wapenzi wachache hivyo ilianza kazi, na ndani ya mwezi huo huo ikatangaza kuwanyima wastaafu wengi posho ya kupashia nyumba joto, pauni 200, au 300 kwa nyumba yenye mtu aliyepita miaka 80. Ningewaomba mawaziri waje wapite na mimi nyumba kwa nyumba Januari ile. Wazee walikuwa wanakaa na makoti sebuleni. Baadhi yao fedha za kuwasha mtambo wanazo, ila barua ile iliwaingiza hofu.

Ndivyo tulivyofika Alhamisi ya tarehe 1 Mei 2025. Kituo changu ni ukumbi wa kanisa. Meza ndefu, makarani wawili wenye vesti za sufu, vibanda vya mbao, na ndani ya kila kibanda penseli imefungwa kamba fupi kana kwamba kuna mtu atakayeiba penseli. Mlangoni mbwa wawili wamefungwa wanasubiri wenyewe. Tangu 2023 kitambulisho chenye picha ni lazima, na Mei ile ya kwanza kama watu 14,000 walirudishwa wasirudi tena. Pasi ya basi ya mzee inakubaliwa, kadi ya usafiri ya mwanafunzi wa London haikubaliwi, elewa unavyotaka. Boris Johnson, ambaye serikali yake ndiyo iliyoitunga sheria hiyo, alifika kituoni Mei 2024 bila kitambulisho, akarudishwa nyumbani akakichukue. Mimi nilitoa pasipoti yangu ya Tanzania. Karani akaigeuza, akatazama twiga kwa mapenzi, akakata jina langu kwa rula.

Nikiwa kibandani mtu wa kibanda cha pili alikuwa anaguna peke yake, penseli inakwaruza kwa nguvu kuliko inavyohitaji alama ya X. Labda alikuwa anaiharibu karatasi kusudi. Wapo wanaofanya hivyo, maana hakuna kisanduku cha kusema "nawakataa wote". Na hata kuiharibu kunataka ufundi: mwaka 2015 huko Wales kuna aliyechora tusi la kiume, likakaa sawasawa ndani ya kisanduku cha mgombea, na wasimamizi wakalihesabu kura halali.

Kesho yake matokeo. Reform UK, chama cha Nigel Farage ambacho hakikuwahi kuongoza halmashauri yoyote ya aina hii, kilipata viti 677 England na kushika halmashauri 10, zikiwemo zetu zote mbili, Magharibi na Kaskazini. Northamptonshire Magharibi, ambayo sasa ina viti 76, wakapata 42. Conservative wakashuka hadi 17, Labour wakawa na 9. Waliofilisi kaunti ndio hatimaye waliondolewa, miaka saba baadaye, na sidhani kama mtu mmoja kati ya ishirini aliyewaondoa alikuwa anafikiria One Angel Square.

Jirani yangu alikuwa amekwenda kupiga kura. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba amewapa Reform. Nilikaa kimya kidogo, maana chama hicho kinanizungumzia mimi na viza yangu kuliko kinavyozungumzia mashimo, na yeye anajua. Nikamuuliza anataka madiwani hao wapya wafanye nini.

"Warudishe hela ya joto."

Nikamwambia, mzee, halmashauri haihusiki na hela ya joto. Ile ni serikali kuu.

"Najua vizuri sana," akasema. "Lakini nani mwingine amekuja kuniomba kura mwaka huu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kuhusu kutenganisha halmashauri na serikali, kuhusu nani anashika maktaba na nani anashika posho, na yeye anayajua yote hayo tangu kabla sijazaliwa. Amepewa sanduku moja, katumbukiza humo alichokuwa nacho.

Tarehe 9 Juni serikali ilitangaza kwamba posho inarudi kwa kila mstaafu ambaye kipato chake hakizidi pauni 35,000 kwa mwaka. Alinigongea dirishani na gazeti mkononi. Alikuwa anacheka, na mimi nikacheka naye, tukafurahi kwa dhati. Hajui jina la diwani hata mmoja kati ya wale aliowachagua, na ndio watakaopanga bajeti ya maktaba anakosoma gazeti hilo mpaka Mei 2029.